Bafu Uliloliona Kwenye Picha

Kandara, Jeddah
Ijumaa, baada ya sala

Kwako mdogo wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mama naye goti limempa nafasi angalau ya kutembea mpaka kwa jirani na kurudi. Ile dawa ya kuchua niliyomtumia inamfaa, au ameigawa kama kawaida yake? Na mwanao Swaleh, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili wangu hauna neno. Nilicho nacho ni kinyaa, na hicho ndicho kilichonikalisha chini nikuandikie.

Usishangae kuona karatasi. Unajua simu nazipiga sebuleni, kwa simu ya madam, sauti imefunguliwa na watoto wamenizunguka. Yule mdogo wao, Layan, nimemlea mimi mpaka Kiswahili anakisikia, na neno likinitoka yeye humpelekea mama yake kwa Kiarabu mbio mbio. Kwa hiyo barua hii anakuja nayo Nafula, yule mwenzetu wa Bungoma niliyekupa namba yake, ambaye mkataba wake umekwisha na sasa yuko hapa Kandara kwenye chumba cha kupanga akingoja ndege. Atakupa mkononi. Isome kabla hujatia sahihi kwa ajenti. Na kama umeifungua ukiwa njiani kwenda kwake, rudi nyumbani kwanza.

Madam alikutumia picha za bafu. Wewe ukamjibu kwa sauti, naye akaniwekea niitafsiri: "Dada, bafu kama la hoteli! Mfereji wa dhahabu! Na ni letu wenyewe?" Nilitafsiri huku nacheka, madam akafurahi, akanipigapiga bega. Kicheko changu kile kinanichefua mpaka leo. Basi nikueleze bafu lenyewe.

Kwanza, si bafu la nyumba. Ni la karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari. Baba, yaani mume wa madam, alikinunua huku Jeddah kwa mtu aliyekuwa anahama, akakivuta mpaka Riyadh tunakokaa kwa ajili ya kwenda kupiga kambi jangwani wakati wa baridi, maana watu wa mjini kule raha yao ni kukaa mchangani na mazulia na birika za kahawa. Baridi ikiisha, kinawekwa uani kati ya ukuta na jiko. Ndani mna kitanda, meza ya kukunja, na nyuma kabisa hilo bafu, ambalo ukiinama kuokota sabuni, makalio yanafungua mlango.

Lilivyokuwa zamani lilitisha. Mfereji wa plastiki uliopauka, maji yanatoka membamba kama uzi. Shawa imefungwa kwa kitambaa isidondoke. Siku madam aliponiambia nilisafishe, nilitia kidole kwenye tundu la chini nikavuta nywele za watu nisiowajua, zimegandana na sabuni, na kila nikivuta zinazidi kuja. Nilitoka nje nikatapika, nikarudi nikamaliza.

Wakati huo ndipo habari zako zilipoanza. Madam alitaka msichana wa pili, nami nikakutaja. Chumba changu cha jikoni unakijua kwa maelezo, nalala na magunia ya vitunguu na lile tangi la kuchemshia maji, hakiingii mtu wa pili. Madam akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida. Nyinyi wawili mtakaa kwenye karavani. Mtakuwa na nyumba yenu na bafu lenu. Tutalitengeneza." Rukia, niliruka. Nilimbusu mkono.

Akanipakia kwenye gari, siku hizi anaendesha mwenyewe na anapenda aonekane, tukaenda Sulimaniyah kwenye duka la vifaa vya maji. Aliniambia nichague. Mimi nikachagua mfereji mfupi wa chuma, wa kawaida, usiosumbua kusugua. Akautazama kama nimemwokotea kitu jaani. Akachukua ule wa rangi ya dhahabu, wenye shingo ndefu iliyopinda. Kwenye shawa hakunibishia: nilichagua ile pana kama sahani ya pilau, na nyingine ya kushika mkononi kwa ajili ya kuoshea nywele. Nilikuwa nakufikiria wewe na nywele zako. Njia nzima nimezipakata kama mtoto.

Fundi alikuja siku yake ya mapumziko. Anaitwa Kassim, mtu wa Tanga, kazi yake ni kwenye jengo moja la maofisi kule Olaya. Nilifurahi kusikia Kiswahili cha mwanamume mzima baada ya miezi mingi ya Layan. Akafunga maji, akalala chali chini ya sinki miguu iko nje mlangoni, akafungua nati za plastiki, akang'oa ule mfereji mzee na mipira yake. Akazungushia tepu nyeupe kwenye meno ya mfereji mpya, akaukaza. Shawa vilevile. Kisha akasema sisi ni Waislamu bwana, choo gani hiki hakina maji, akaongeza pembeni mpira wa kutawadhia. Na kwa kuwa pampu ya karavani ilikuwa dhaifu, akaiacha, akavuta maji moja kwa moja kutoka mpira wa bustani. Alipofungua, maji yalishuka kwa nguvu mpaka Layan akapiga makofi.

Nikamwuliza, "Kaka Kassim, na haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda chini, dada."

"Chini wapi?"

Akafuta spana kwa shati lake. "Dada yangu, mimi ni fundi wa maji yanayokuja. Yanayokwenda si yangu, sikuitiwa hayo."

Tukacheka wote. Madam akaja na simu yake, akaniambia nishike ile shawa ya mkononi, maji yatoke, nisogee nyuma uso usionekane. Ule mkono uliouona kwenye picha ni wangu, Rukia. Hukuutambua, nami nilikuwa natabasamu nyuma yake.

Sasa sikiliza. Karavani haikuunganishwa na mtaro wowote. Chini ya sakafu ina matangi mawili madogo, moja la maji ya kuoga na moja la choo, yaliyotengenezwa kwa watu wawili wanaojipangusa kwa karatasi na kuoga kwa kuhesabu matone. Hayakutengenezwa kwa watu wenye udhu mara tano na mpira wa bustani usioisha. Hilo halikumpitia akilini mtu yeyote. Si baba, si Kassim, wala mimi niliyeuliza nikaishia kucheka.

Ikaja sikukuu, na wageni wa madam, shangazi zake na mabinti zao, wakatoka Jeddah. Madam akataka walione bafu. Basi wote wakaingia kutia udhu mle mle, kwa zamu, wanasifia. Ule mfereji wa shingo ndefu uliwafurahisha maana mguu unaingia chini yake. Shangazi mmoja mnene akapandisha mguu kwenye sinki la plastiki, sinki likalia, likainama upande mmoja, akapandisha na wa pili. Halafu wakatumia choo, na ule mpira, na maji kwa ukarimu.

Ilipofika alasiri nikasikia ukelele. Nilipofika mlangoni, maji ya kijivu yalikuwa yanapanda juu kutoka tundu la shawa, yana nywele, yana mapovu, yana vipande sitaki kuviandika. Choo nacho kilikuwa kimejaa hadi ukingoni kinatetemeka. Juu ya uchafu ule wote, mfereji wa dhahabu unang'aa. Madam alisimama na mkono wa nguo puani. "Zuhura! Yalla, haraka, ndoo!"

Nje, chini ya karavani, kuna bomba nene lenye kifuniko. Nilipokifungua yalinimwagikia ya matangi yote mawili pamoja, kwenye ndara, kwenye vidole, kwenye upindo wa dera langu lile la maua ulilonishonea. Shimo la mtaro liko upande wa pili wa ua, nyuma ya magari. Nilibeba ndoo kwa ndoo kuzunguka nyumba, wageni wakinywa kahawa. Baadaye madam akaleta chetezo, akafukiza udi bafuni. Udi wa harusini, Rukia, juu ya mavi. Tangu siku ile nikiunusa udi natoka nje, hata msikitini.

Nikadhani ni ya siku moja. Sasa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, maana watoto wamelipenda bafu hawataki tena la ndani. Wanaoga, mimi nabeba.

Sitaki niwasingizie. Hawanipigi. Mshahara unaingia benki, hauchelewi. Pasipoti yangu ninayo mimi. Baba hupenda kusema nchi imebadilika, na kweli madam anaenda sinema na shoga zake, mabinti wanaimba barabarani, kila kitu kipya. Ndiyo maana nimechukua muda kusema. Mtu akikupiga unajua la kusema.

Nilimwendea baba kwa adabu zote. "Baba, fundi anaweza kuvuta bomba mpaka kwenye mtaro. Ni kuchimba kidogo tu."

"Nyumba ni ya kupanga, Zuhura. Siwezi kuvunja vigae vya ua wa mtu."

"Basi mpira mnene tu, ulale juu."

"Juu ya ua? Wageni wapite juu ya bomba la choo?"

Madam akaingilia, na alisema kwa upole, nataka ujue hivyo, alisema kama mtu anayenipa zawadi. "Vumilia kidogo. Mdogo wako anakuja. Yeye atachukua ndoo, na wewe utapumzika. Yeye ni kijana, ana nguvu. Halas, yamekwisha."

Nikasema, "Shukran, madam." Nikaenda jikoni nikaosha mikono, nikaiosha tena.

Umeelewa? Mimi nilikutaja ukae na mimi. Wao wamekuitia ndoo. Na picha ulizotumiwa ni kweli tupu, mfereji ni ule ule na shawa ni ile ile. Hakuna aliyekudanganya hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Sasa tuko Jeddah kwa mama yake baba. Wameivuta karavani njia nzima kutoka Riyadh, watoto hawakutaka kuiacha. Joto la huku na yale matangi, sikuelezi. Leo nimepewa ruhusa nije Kandara kununua vitambaa, nikamtafuta Nafula. Nilimsimulia huku namwonyesha picha kwenye simu yake, maana ulimtumia na yeye, kwa furaha yako. Akaitazama, akanitazama.

"Zuhu, usinichekeshe. Hiyo si nyumba. Hiyo ni choo iko na magurudumu. Mwambie sista yako asikuje."

"Nikimwambia nitabaki peke yangu."

"Si uko peke yako saa hii? Ama unataka muwe wawili na hiyo harufu?"

Nikamkasirikia. Akaninyooshea simu nikupigie, nikaikataa, maana nikiisikia sauti yako nitakwambia uje. Kisha nikamwomba karatasi.

Najua hali yako. Najua duka limefungwa, baba yake Swaleh hapokei simu, na umechoka kumwomba shangazi sukari. Najua umeshapimwa hospitali na begi umelinunua. Na mimi nakutaka, Rukia. Tangu nije hapa hakuna mkono ulionisuka, najivuta nywele mwenyewe na kufunga mtandio juu. Nilipochagua ile shawa nilikuwa naona jinsi utakavyokaa chini na mimi nikuoshe kichwa, kama tulipokuwa kwa mama, unalia povu limeingia machoni. Nakutaka uje hata kesho. Usije.

Mkataba wangu una muda wa kwisha. Nitabeba mpaka uishe, ndoo sasa nimeizoea. Sitaki kukuona wewe unaizoea. Mikono yako ni ya cherehani, tafuta kazi kwa mjomba Athmani, umwambie mimi ndiye niliyekutuma, atanung'unika lakini atakupa mashine.

Nisalimie mama sana. Mwambie udi aliouagiza sitauleta, nitamletea mafuta ya waridi badala yake, asiulize kwa nini. Msalimie shangazi na umshukuru kwa sukari. Msalimie mjomba Athmani na mkewe, somo yangu Bi. Mwanasha, na jirani yetu wa mlango wa bluu ambaye najua atataka kusikia barua hii ikisomwa. Msimsomee. Mbusu Swaleh kwenye kisogo.

Neno la mwisho. Mtumie madam sauti. Mwambie mama amekataa, hataki binti wa pili aende mbali. Madam ana mama yake, hilo atalipokea. Sema polepole, kwa sababu atakayeitafsiri ni mimi, sebuleni, mbele yao wote, na Layan atakuwa ananisikiliza nisibadilishe hata neno. Nitakaza uso, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila nakuomba, usiniite dada humo, wala usiseme una hamu nami. Hapo ndipo nitakaposhindwa kutafsiri.

Ni mimi wako wa tumbo moja, mwenye mkono ule ulioshika shawa kwenye picha,

Zuhura