Kufuli la Somo la Kumi na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa macho. Natumaini yale matone yamekupunguzia maumivu, na kwamba umeacha kutunga uzi kwa kubahatisha. Huku tu wazima, ila watoto wananimalizia viatu. Mpwa wangu anayekusomea namsalimu sana, na namwomba asiruke mstari hata mmoja.

Dada, programu yetu imekubaliwa! Tangu juzi mchana, yeyote mwenye simu anaweza kuingia kwenye duka la programu akakusikia ukifundisha kukata na kushona, masomo yote ishirini. Ukifunga karakana mwisho wa mwezi, mafunzo yako hayatafungwa nayo. Ahsante sana. Nashukuru mapema, maana huko mbele huenda ukataka kunivuta sikio.

Unakumbuka tulivyohangaika. Kuanzia somo la kumi na mbili tuliyafunga, na mwanafunzi aliyafungua kwa namba uliyompa wewe kwa simu. Mimi nilidhani utazigawa tu. Kumbe wewe ni wewe: hutoi namba mpaka mtu ajibu swali. Yule muuza maua, mmoja wa wanafunzi tuliowapa programu waijaribu, ulimrudisha mara tatu kwa sababu ya zipu.

Wakaguzi wa duka walipotukatalia mara ya kwanza, walisema hawapitishi wasichokiona, tuwape namba. Nikakupigia. Ukanijibu kwamba mkaguzi akitaka namba aeleze kwanza upana wa mabega unapimwa kutoka wapi hadi wapi. Nikakwambia hawa si wanafunzi. Ukasema kama si wanafunzi, masomo wanayatakia nini. Niliwaandikia swali lako huku jasho likinitoka. Siku mbili baadaye mkaguzi mmoja akajibu kwamba ni kutoka mfupa wa bega moja hadi wa bega la pili, kupitia mgongoni, na kwamba alikuwa amesikiliza masomo yote kumi na moja yaliyokuwa wazi. Ukampa namba, tena kwa sifa. Namshukuru mtu yule. Angeweza kututupilia mbali.

Lakini kanuni ni kanuni. Akatukatalia tena, akieleza kwa upole kwamba duka haliruhusu kilichomo ndani ya programu kifunguliwe kwa namba inayotoka nje. Ama tutumie njia ya duka lenyewe ya kulipia, ama tuache wazi. Nilibishana naye wiki nzima. Mwishowe akaniuliza, kama mwalimu hatozi chochote, kufuli ni la nini?

Hapo, dada, naomba ukae chini. Nilikwambia duka ndilo lililotaka masomo yafungwe. Nilikudanganya. Kufuli lilikuwa langu. Katika somo la kumi na mbili, ukifundisha kutia kola, unasema kwa sauti ile ile ya kazi kwamba ulijifunza mshono huo mwaka ulioacha shule ili mdogo wako aendelee, na kwamba ndiye aliyetengeneza programu hii. Ofisini, kwa miaka sita, wote wanajua nilisomeshwa na wafadhili kutoka mbali. Mimi ndiye niliyewaambia. Niliona haya kusema nimesomeshwa kwa cherehani. Kulikata somo sikuthubutu, ungegundua; nikaona bora nilifunge, wasikie wanafunzi wako tu. Na ili lisionekane liko peke yake, nikafunga na mengine manane yaliyofuata. Wewe ukakaa na simu sikioni kutwa nzima, ukilinda aibu yangu bila kujua.

Wiki iliyopita niliondoa kufuli. Programu ilipopita juzi, sikungoja mtu alikute somo mwenyewe. Niliwaita wenzangu, nikaweka simu katikati ya meza, nikaliwasha. Wakasikiliza mpaka ukafika pale. Ulipomtaja mdogo wako niliinua mkono kama mtoto wa darasani, nikasema huyo ni mimi, na mfadhili wangu ndiye huyo anayezungumza. Bosi akaomba lirudiwe tangu mwanzo.

Nisamehe, dada. Nakushukuru kwa kila sare niliyovaa, na kwa kila daftari. Barua hii si siri. Mpwa wangu aisome kwa sauti hata wateja wakiwepo. Wasalimie wote hapo karakana, na uyapumzishe macho.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemsomesha wewe.