Chuma cha Tela la Bukuru

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Nimechambua maharage ya ghala tangu asubuhi. Yaliyotobolewa na wadudu, debe zima. Vidole vinauma. Mwalimu wa kisomo anataka tuandike kila siku, kidogo hata kama ni mistari miwili. Haya.
Tela la trekta la kijiji litarefushwa futi nne kwa nyuma. Mazao hayaenei, na siku ya soko watu wanakaa juu ya magunia kama kuku. Dereva ni Bukuru, mwanangu. Butoyi, pacha wake, nilimzika hajaanza kutembea. Sina mwingine.
Kamati imenituma niende naye Kasulu kuchagua chuma. Wanaume walibishana siku mbili wakachoka. Mimi nashika ufunguo wa ghala, basi wakanibebesha na hili.

Jumatano, 4 Agosti
Kasulu. Vumbi tupu. Fundi wa kuchomelea anaitwa Hamisi, mtu wa Ujiji, maneno mengi. Akatandaza vyuma chini. Cha bapa nilikikataa hajamaliza kukisifu. Cha pembe, kama kona ya sanduku, kinajinyonga. Cha mwisho kama mfereji: mgongo mpana, kingo mbili. Upo mwembamba na upo mnene.
Nikaweka kila kimoja juu ya mawe mawili nikakalia katikati. Watu wakasimama kutazama. Hamisi akauliza kama bibi anatafuta kitanda. Nikamwambia baba yangu alikata miti ya machela, na hakuna mgonjwa aliyebebwa kabla mimi sijaning'inizwa katikati ya mti. Akanisogezea chuma kilichofuata.
Mfereji ukiulaza unabonyea. Ukiusimamisha kwa ubavu, haubonyei. Hamisi alisema ndivyo atakavyoufunga.
Mwembamba unatosha, akasema. Bukuru akasema vilevile. Nikachukua mnene. Hamisi akasema tena, polepole: "Bibi, hili tela lina ekseli moja. Ukizidisha uzito nyuma, mbele kutanyanyuka."
Sikumsikiliza. Nilidhani mwembamba anao mwingi na haununuliwi.

Alhamisi, 5 Agosti
Ameunga. Kipya kimelala ubavuni mwa cha zamani mkono mzima, kama tunavyounga fito za paa. Kazi safi. Nimefurahi. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 7 Agosti
Siku ya soko.
Wanaume hupanda kwanza, wanakaa mbele kukwepa vumbi. Wanawake hupandisha magunia, ndipo wanajibana mkiani na watoto mgongoni. Ndivyo ilivyo siku zote. Leo mkia ulikuwa mrefu, wakajaa wote, na chuma changu kizito chini yao.
Kwenye kilima tela likanyanyua mbele. Likanyanyua na makalio ya trekta. Magurudumu yakazunguka bure. Tukarudi nyuma, tukaenda tukaenda, mpaka tela likakwama kwenye ukingo wa barabara. Wanawake walikuwa wamesharuka. Anastazia, jirani yangu, ameteguka mguu. Mtoto wake mzima.
Wanaume wakasema dereva amelewa. Bukuru hanywi. Aliinama akatazama chini ya tela. Hakunitaja. Kamati inakaa kesho. Watamnyang'anya trekta.

Jumapili, 8 Agosti
Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwenye kamati, sikuitwa.
Nilisimama nikasema: "Chuma nilichagua mimi. Fundi alinikanya, mwanangu alinikanya. Mwachieni trekta yake."
Mwenyekiti akauliza kwa nini nilikataa ushauri wa mafundi. Nikajibu nilitaka kisichokatika. Kaburi la pacha mmoja linanitosha.
Wamemwachia. Chuma kirudishwe. Nikaongeza na langu: wanawake wakae mbele, wanaume waende mkiani, tena wawe wachache. Mzee mmoja akalalamika vumbi. Nikamwambia alile tu, vumbi halina pilipili.
Bukuru alinisindikiza nyumbani. Nilimpikia ugali wa muhogo, akamaliza.

Jumatano, 11 Agosti
Kasulu tena. Hamisi aliniona akaleta mawe mawili mwenyewe. "Bibi, leo unakalia kipi?"
Nikamwambia achague yeye. Akachukua mfereji mwembamba. Nikaukalia hata hivyo. Ulinibeba. Nikamwomba radhi, akasema mama yake yuko vilevile.

Jumamosi, 14 Agosti
Kilima kile kile. Magunia mbele, wanawake mbele. Wanaume wachache nyuma, wekundu kwa vumbi mpaka kope. Mimi nilikaa mbele kabisa, nyuma ya mgongo wa Bukuru, nashika bomba la tela. Nilitazama magurudumu. Hayakuteleza.
Juu alisimama injini ipoe. Jua kali. Akavua kofia yake, akanivika, akarudi kwenye usukani.
Nilimwambia kwa lugha ya nyumbani, mwana wanje, mwanangu, twende.
Nimerudi na kofia yake. Iko hapa mezani, inanuka dizeli. Kesho nitaifua.