Presha ya Mama Kabla ya Usingizi

Dadangu Chebet,

Salamu kutoka Kericho, mvua ya alasiri inanyeshea majani ya chai.

Mama amefanyiwa operesheni, na yuko salama. Jana asubuhi daktari wa dawa ya usingizi alimpima presha akiwa amelala, akamsimamisha, akapima tena. Ilikuwa imeshuka.

"Mama, umetapika sana, mwili hauna maji," akasema. "Nikikulaza hivi, presha itaanguka."

Mama alitaka waendelee tu. Daktari akakataa, akamwekea dripu hadi mchana, ndipo wakamwingiza chumba cha upasuaji. Nilikaa nje nikiomba. Mwishowe daktari akatoka, akaniambia: "Presha ilishuka kidogo, lakini tulikuwa tayari."

Leo Mama ameonja uji wa hapa hospitalini, akasema aliyeupika hajui kupika uji wa wimbi. Nilipomsikia akilalamika, machozi yakanitoka.

Sasa nawe ulale, dada. Waambie watoto nyanya yao anarudi.

Wako, Chepkoech