Nimemposa Noeline Kwenye Vituo Vyote vya Tasmania

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, na tafadhali usinicheke, ingawa hapa klabuni wiki nzima watu hawana kazi nyingine ila kucheka. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na moja, mstaafu wa kiwanda cha maziwa, mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita, na kila Jumanne na Alhamisi huenda kwenye klabu yetu hapa Latrobe, ambako sisi wazee kumi na wanne tunaendesha treni za kwenye kompyuta kwa zamu, na viti vyote sita vya kuendeshea vinachota kila kitu kutoka kompyuta kuu moja iliyoko pembeni, maana programu ni moja na ni ya wote.

Msimamizi wa kompyuta hiyo ni Noeline, mjane, zamani dereva wa basi la shule, na sheria yake ni kwamba ukipata kifurushi cha nyongeza, iwe njia mpya ya reli au behewa au mlio wa honi tu, unakiweka kwenye folda yako, unakijaribu wewe mwenyewe, na yeye akiridhika ndiye anayekihamishia kwenye folda ya pamoja, kwa sababu kosa la mmoja pale huwapata wote. Ni sheria nzuri, mimi mwenyewe niliipigia kura.

Sasa mshauri, nampenda. Nilianza siku aliyonifundisha kuteremsha treni ya makaa mlimani bila kuunguza breki, akaniambia, "Usipigane nayo, mzee, anza mapema." Tangu hapo nimekaa kiti cha jirani yake miaka mitatu na sijamwambia neno lolote lisilohusu breki.

Mwezi uliopita nikatengeneza kifurushi changu, njia ya reli ya zamani iliyokwisha kufungwa, na mwisho wake kituo kimoja kidogo ambacho ubao wake badala ya jina la kituo umeandikwa NOELINE, NIKUOE? Nia yangu ilikuwa aendeshe mwenyewe, afike, asome, nami niwe pembeni nimeshika sahani ya keki. Lakini kiti chake husoma folda ya pamoja tu, folda za wenzake hazifungui kwa heshima, kwa hiyo alipokwenda kwa dada yake mjini Burnie wiki mbili na kuniachia neno la siri ili niweke marekebisho ya kila wiki, shetani akanipitia, nikakitumbukiza kifurushi changu kwenye folda ya pamoja Jumanne ya wiki iliyopita baada ya chakula cha mchana. Na faili la ubao, mshauri, nilikuwa nimelinakili kutoka kifurushi cha mbao za majina ya vituo ambacho njia zote hukitumia, nikasahau kulibadilisha jina, kompyuta ikaniuliza kama nataka faili jipya lichukue nafasi ya la zamani, nikajibu ndiyo.

Dakika kumi baadaye mwenzetu Thelma akaingia kituo cha Launceston na treni ya saruji, akasimama, akasoma ubao, akasema taratibu, "Mimi siitwi Noeline, lakini asante."

Ikawa kila kituo. Vituo mia mbili na kumi, kisiwa kizima, swali ni lile lile. Watu walicheka hadi miwani ikawadondoka. Wanafungua njia ambazo hawajazigusa miaka mingi ili wasome tu, wanapiga honi kwenye kila ubao, na Alhamisi walikuja wote, hata wale wa magoti mabovu. Wameapa hakuna atakayempigia simu Noeline, wanataka wauone uso wake. Sijawahi kuiona klabu ikiwa na furaha namna hii, na mimi nilicheka nao hadi machozi, halafu nikaenda chooni nikajifungia.

Shida ni Clarrie, mwenzetu wa klabuni. Clarrie hupiga kodiani, nywele zake zipo zote, na aliwahi kucheza dansi na Noeline kwenye maonyesho ya mji, basi watu wakaamua ni yeye aliyeuliza. Walipomuuliza hakukubali wala hakukataa. Alilainisha nywele akasema, "Mwanamume hatangazi mambo ya moyo." Wakampongeza, wakamletea keki, na nasikia amenunua tai mpya.

Noeline anarudi Jumamosi. Nakala ya akiba ninayo, naweza kurudisha mbao za zamani kwa nusu saa, nikanyamaza, asijue kitu. Au niungame, anione mwizi wa folda, aninyang'anye neno la siri pamoja na kiti. Au nimwache Clarrie aoe kwa swali langu mimi? Nisaidie.

Dereva Mwenye Haya, Latrobe

JIBU

Dereva,

Nimecheka, uniwie radhi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu. Sasa kaa sawa unisikilize.

Ulipewa neno la siri uongeze marekebisho ya wiki, si uongeze mke. Mtu amekuachia mlango wa nyumba ya watu kumi na wanne, nawe ukaingia na jambo lako bila kulijaribu kwanza kwenye folda yako, na kompyuta ilipokuuliza swali la wazi ukajibu bila kusoma. Hilo ni kosa, na kicheko cha wenzako hakikuoshi. Kumpenda si kosa hata kidogo. Usiyachanganye mambo hayo mawili.

Clarrie mwache. Ameokota posa njiani, haina jina la mwenyewe, akaifuta vumbi. Nani asingefanya hivyo? Wewe ndiye unayezungumza breki miaka mitatu. Mficha uchi hazai, bwana.

Na hilo la kurudisha nakala ya akiba kimyakimya usithubutu. Mwanamke huyo atafungua kompyuta kuu, ataona mafaili yameguswa wiki ambayo hakuwepo, na neno la siri alikuwa nalo mtu mmoja. Atakujua kabla chai haijapoa. Unachoweza kuchagua ni kama atalisikia kwako au kwa kompyuta. Kwa hiyo usifute kitu mpaka aone. Mrudishie neno la siri kabla hajaliomba. Kisha mbele yake kihamishie kifurushi chako kwenye folda yako, faili la ubao wako ulipe jina jipya, na mbao za wote mzirudishe pamoja, kiti kimoja kwanza, mkihakikisha, ndipo vingine.

Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini klabu yenye swali hilo kwenye vituo mia mbili na kumi ni moja tu Tasmania nzima. Gazeti hili hutoka Ijumaa asubuhi, na Burnie linasomwa sana. Huna tena Jumamosi, Dereva. Una leo.

Katika barua ndefu yote hiyo umekwepa kulitaja daftari la klabu, na msimamizi wa namna hiyo hakosi daftari la nyongeza. Lichukue. Andika tarehe, jina la kifurushi, jina lako kamili, na penye sababu ya kukiweka andika ukweli mtupu. Washa gari umpelekee Burnie, ni mwendo wa chini ya saa moja. Penye idhini pasiguswe. Hapo hujaza msimamizi mwenyewe, ndiyo au hapana.