Lambda na Pacha Wake

Verdi, umeme umekatika huku Kashai, nasikia tu mfuniko wa sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, ukigonga gizani. Bado siamini.

Nimepata sifuri jaribio la hesabu za kompyuta la darasa la jioni. Sifuri! Nikikosa na marudio ya Ijumaa, mtihani siufanyi.

Kosa lenyewe? Juu niliandika kwa neno "lambda", ile herufi ya Kigiriki, chini nikabonyeza alama yake, λ. Kompyuta ikaona ni vitu viwili, ikagoma kukokotoa.

Mwalimu Mwijage mbele ya wote: "Mama Shadya, kumbe lambda wako ana pacha?" Pacha, Verdi. Kumbe kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba ni kitu kimoja, na hakutufundisha.

Nikamsimulia mwanangu Shadya. Akasema, "Mama, bibi wa kule Ijumbi ananiita Koku, lakini ni mimi huyu huyu."