Mwanaume wa Bati na Mtoto Mgongoni

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fundo limenishinda tena. Bati limepasuka kwenye mkunjo, upande wa kushoto. Nililipasha hadi likawa jekundu, nikaliacha lipoe polepole ndani ya majivu, nikalikunja kwa koleo. Likapasuka vilevile. Pipa hili lilikuwa la mafuta. Bati lake gumu. Halitaki kuwa kikwembe cha kubebea mtoto.

Mwanangu mdogo, Byaombe, alilala mgongoni mwangu muda wote. Amezoea nyundo. Ikinyamaza ndipo anaamka.

Nimepika sombe, majani ya muhogo. Binti yangu Sifa anasema chumvi imezidi. Kwa umri wake ameshaanza kusema kama mama yake. Mke wangu Feza ameondoka asubuhi kwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba ya ziwa, boti moja na bamama wa sokoni. Amebeba sabuni na chumvi. Atarudi na ndagala, dagaa za kwetu, Alhamisi, Mungu akipenda.

Nyumba kimya bila yeye. Sipendi.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Fundo limekubali. Nimetumia bati jembamba, la paa la nyumba iliyoungua. Mkunjo wa kwanza, wa pili, ncha mbili zikapita chini ya kwapa na kukutana kifuani. Nikazifunga kama nilivyofunzwa na Sifa.

Sanamu imesimama kwa miguu yake. Inanifika kifuani. Mbavu ni rimu za baiskeli. Mabega ni majembe yaliyolika. Kichwa ni kifuniko cha injini ya boti. Mtoto ni sufuria iliyotoboka, na kichwa chake ni kikombe. Mikono ya mwanaume nimeipeleka nyuma, inashika makalio ya mtoto. Mikono ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote.

Kazi yangu ya kila siku ni sufuria na majembe ya watu. Hii hakuna aliyeniagiza. Najiuliza kwa nini naifanya.

Tangu vita hii ya pili, wanaume wa mtaa wetu hatupiti barieri, kizuizi cha askari barabarani. Ukipita, askari wanakuona mpiganaji wa upande mwingine. Au wanakutwika masanduku ya risasi kwenda milimani, na si wote wanaorudi. Basi wanawake ndio wanaokwenda. Shambani, Kilembwe, Ubwari. Si kwamba wao wako salama. Yanayowapata njiani hatuyasemi nyumbani. Wanakwenda kwa sababu lazima mtu aende.

Sisi tunabaki barazani. Tunacheza karata, tunangoja chakula. Mimi pia nilifanya hivyo, miezi mingi. Halafu siku moja mtoto alilia na hapakuwa na mtu mwingine. Nikachukua kikwembe.

Mwanaume ukimnyang'anya barabara, shamba na ziwa, anabaki na nini? Nilifikiri hakuna kitu. Sasa nafikiri anabaki na mgongo. Nilitaka kuliona wazo hilo likiwa chuma, nione kama litasimama.


Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeiweka nje, mbele ya atelier, karakana yangu, kando ya barabara.

Bamama waliokuwa wanatoka sokoni walisimama. Mmoja akagusa fundo, akauliza ni nani alinionyesha. Nikasema ni binti yangu. Akacheka hadi akashika kiuno, lakini hakuwa ananicheka. Hilo nililiona.

Wanaume walicheka wakipita. Wao hawakusimama.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Feza hakurudi jana. Leo pia hakurudi.

Wanasema risasi zilisikika ng'ambo, na boti zimekatazwa kutoka. Wengine wanasema zinatoka ila usiku tu. Hakuna anayejua. Nimekwenda ufukweni mara nyingi hadi Byaombe akachoka kubebwa.

Jioni yaya Alimasi alikuja. Ni kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenilea baba alipokufa, na ni mzee wa kanisa. Hakukaa. Aliizunguka sanamu mikono nyuma. Nilidhani atazungumzia sanamu na Biblia. Hakuitaja Biblia. Alisema askari wa barieri wameisikia habari yake, na wanauliza kama wanaume wa mji huu wa Baraka siku hizi wananyonyesha.

"Vunja kile kitu, mudogo wangu," akasema. "Batu hawa walishatunyang'anya yote. Weye unabapatia na hii."

Nikamwambia nimetengeneza ninachokiona. Akajibu kwamba si kila kinachoonekana hutolewa nje barabarani. Halafu akasema Feza akichelewa zaidi, watoto wahamie kwake, kwa mke wake, wapate matunzo ya mwanamke.

Nimekasirika. Nimewatunza mimi. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia nitafikiri.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Wameichukua.

Walikuja watatu, na toroka, mkokoteni wa mtu wa sokoni. Hawakunipiga. Hawakuniuliza hata jina. Mmoja alimvisha mwanaume wangu kofia yake, wenzake wakacheka, wakampakia. Mguu mmoja ukaburuta chini kwenye mchanga hadi kona ya barabara. Nilisimama mlangoni na Byaombe mgongoni. Mmoja wao akageuka, akatuona tulivyosimama, akaita wenzake waje waone. Wakacheka upya.

Niliogopa. Nilikuwa na nyundo mkononi na sikuwa na nguvu ya kuiweka chini.


Jumapili, tarehe 16 Machi

Wameisimamisha pale barieri. Kila mwanaume anayefika anaamriwa apige saluti na kuiita "mama". Mzee mmoja, fundi wa nyavu, alikataa. Wakamlaza chini, wakamchapa fimbo. Namfahamu. Aliwahi kunipa waya bure.

Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi langu. Yaya Alimasi alikuwa mbele na wazee. Aliniangalia mara moja tu. Angenitukana ningefurahi.

Nafikiri hivi. Nilitengeneza kitu cha kumpa mwanaume heshima na kimekuwa fimbo. Kosa ni la askari, najua. Lakini mgongo uliochapwa si wangu.

Jioni nilitembea kuelekea barieri. Nilitaka kwenda kuwaomba. Nilifika mahali ambapo inaonekana, ndogo, na kofia kichwani. Nikarudi.

Na Feza hayupo. Sifa ameacha kuuliza. Anafagia ua ambao umeshafagiliwa.


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Hakuna boti. Sikuwasha moto.


Jumatano, tarehe 19 Machi

Feza amerudi. Mzima. Naandika neno hilo tena. Mzima.

Nitaandika kwa utaratibu, nisije kusahau.

Saa za mchana nilisikia mtaa umenyamaza. Si kimya cha hatari, kile nakijua. Nikatoka. Barazani wanaume walikuwa wameshusha karata, wanaangalia barabara. Nikamwona Feza anakuja katikati ya njia, polepole, shingo imesimama. Juu ya kichwa chake, kwenye ngata, amembeba mwanaume wangu wa bati. Amelazwa kifudifudi, miguu inaning'inia nyuma, na mtoto wa sufuria yuko juu ya wote, anatazama mbingu.

Alipita mbele ya baraza zote. Hakuna aliyenyanyuka. Mimi mwenyewe nilichelewa. Aliyefika wa kwanza ni yaya Alimasi. Alitoka nyumbani kwake anakimbia, mtu ambaye hakimbii, akamwambia shemeji asimame, tukaishusha pamoja, yeye upande wa kichwa na mimi upande wa miguu. Jasho la Feza lilikuwa limelowesha ngata yote. Shingo ilimtetemeka hata baada ya mzigo kutoka.

Alinihadithia huku akimnyonyesha Byaombe. Kweli kulikuwa na risasi ng'ambo. Walijificha na wenzake katika kijiji kimoja cha wavuvi, wakangoja. Boti iliyowaleta haikuthubutu kuja mjini. Iliwashusha mbali, kusini, wakatembea, na njia ile inapita barieri. Hapo ndipo alipoiona. Aliijua kwa sufuria kwanza. Ilikuwa yake.

Askari akamwuliza kwa mzaha kama anamjua mtu huyu.

"Ni bwana yangu," Feza akamjibu. "Na mutoto ni wangu. Munipatie, niende nabo kwetu."

Wakacheka. Lakini walishaichoka, anasema, aliona. Mkubwa wao akamwambia akiweza kuinua, abebe. Feza akampa mwenzake furushi la ndagala, akajitwika.

Nimemwuliza kama walimgusa. Akasema hapana. Nimemwamini kwa sababu aliniangalia.


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Sikulala vizuri, ila kwa furaha.

Asubuhi nilimwomba anieleze anaionaje. Nilikuwa nangoja sifa, niseme ukweli. Nilifikiri yeye zaidi ya wote ataelewa. Mwanaume aliyechukua kazi ya mwanamke na hakuona haya. Nani mwingine Baraka nzima amefanya hivyo?

Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe. Hakuinua macho.

"Umeitengeneza muzuri," akasema. "Lakini weye unabeba mutoto mumoja, batu banasimama kuangalia, mupaka basoda banakuja na toroka. Mi nilibeba bane. Nani alisimama?"

Akaendelea na maharagwe.

Wanne. Sifa na Byaombe, na wale wawili tuliowazika mwaka tuliokimbilia porini. Wote walilala katika mgongo mmoja. Mdogo wa wale wawili alifia mgongoni pale pale, njiani, na Feza alitembea naye hadi jioni kabla ya kutuambia.

Sikuwahi kufikiria kutengeneza hilo. Nilikuwepo, nikaliona, na sikuliona.


Jumamosi, tarehe 22 Machi

Siwezi kufanya kazi. Nashika bati, naliweka.

Nimeingiza mwanaume wa bati ndani ya atelier. Feza alisema nisimvunje, si kosa lake. Amenyooka vizuri, mguu tu umepinda. Nikimwangalia sasa naona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Anajua anaangaliwa. Kifua nilikitoa mbele. Hakuna mwanamke mwenye mtoto mgongoni anayesimama vile. Wao huinama kidogo. Sikuwaangalia wao. Nilijiangalia mimi.

Yaya Alimasi alipita. Alikaa leo, juu ya gogo la fuawe, ninapopigia chuma. Halafu akasema mke wake yuko Kilembwe tangu Jumatatu kutafuta muhogo, na kwamba jana alipika mwenyewe, ukaungua. Sikucheka. Nikamwambia apunguze moto akishamimina unga. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa habari nzito. Habari ya watoto kuhamia kwake hakuirudia.

Yule fundi wa nyavu nilikwenda kumwona. Mgongo unapona. Alinipokea. Sijui kama amenisamehe, sikumwuliza.


Jumanne, tarehe 25 Machi

Nimemwuliza Feza angetaka nimtengeneze vipi. Nilikuwa na mawazo tayari. Amejitwika mzigo. Anapiga kasia. Yuko mbele ya barieri na mwanaume wake kichwani. Hilo la mwisho nililitamani sana, lingekuwa kazi kubwa.

Alikataa yote. Alisema mizigo anaijua, hana haja ya kuiona tena kwa chuma.

"Mi unitengeneze nimekaa," akasema. "Mikono bule. Haishiki kitu."

Nitalala na neno hilo. Mikono isiyoshika kitu. Katika maisha yangu ya ufundi sijawahi kutengeneza mikono ya namna hiyo. Wala sijawahi kuiona kwake. Nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa.


Jumatatu, tarehe 31 Machi

Leo hapakuwa na soko. Milio ilisikika mbali, upande wa milima, ikaisha.

Nilimwekea Feza kiti mlangoni mwa atelier, mahali penye mwanga. Nilitaka kuichora mikono yake kwa mkaa ubaoni, kabla ya kukata bati. Sifa alimchukua Byaombe kwa jirani.

Hakuweza. Alikaa kidogo, mkono ukaokota uzi kwenye kikwembe. Nikamwambia aache. Ukaenda kufuta vumbi kwenye kiti. Nikamwambia tena. Akacheka, akasema mikono inamwasha. Aliniomba walau nimpe mahindi apukuchue, huku namchora. Nikakataa.

Akaiweka magotini. Kwanza ilijifunga ngumi, kama inangoja kupewa kitu. Mimi nikageuka kuchochea makaa. Nilipogeuka tena kichwa chake kilikuwa kimeegemea fremu ya mlango, mdomo wazi kidogo. Amelala. Ngumi zilikuwa zimefunguka, viganja vimetazama juu, na vidole vimejikunja kidogo tu, kila kimoja kwa namna yake. Katikati ya kiganja cha kulia pana kovu ambalo sikulijua.

Nilichora nilichoweza.

Bati lilikuwa tayari jekundu motoni. Ningelipiga angeamka. Nikalitoa, nikaliweka chini lipoe, nikakaa karibu naye.