Punda wa Mjomba na Ile Pikipiki ya Skrini

Mpendwa Mjomba,

Kutoka Kitengela mpaka Namanga hakuna mtu anaendesha pikipiki kama mimi, na sijisifu, nasema vile mambo iko. Hata ng'ombe wa Bissil wanajua. Wakiniona natokea kwa ile kona wanapanda kando ya barabara wenyewe, mmoja mmoja, kama wanafunzi wameona hedimasta. Trafiki wa Isinya huacha kuandikia watu makosa ili waniangalie nikipita. Mama wa mahindi choma pale Kajiado amesema siku nikioa mwingine anafunga jiko. Wewe ulikuwa dereva mzuri, sikatai. Lakini nilikupita, Mjomba, na nilikupita nikiwa nimeacha shule Form Two kwa sababu ya hesabu za herufi.

Ungeniangalia tu juu ya miwani, ukipangusa vidole na kile kitambaa cha oili, halafu useme, "Ukimaliza kuongea uniletee spana ya kumi na tatu." Siku hizi hakuna mtu wa kunituma spana. Mwaka umepita tangu tukulaze kule Entarara kando ya Susu, mama yako, na mimi naongea mpaka namaliza mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi lazima nitoe jibu. Kuna pikipiki mpya ya safari imekuja duka moja hapa Kitengela, na wenye duka wamekubali kumchukua Punda, ile pikipiki yako ya zamani, mimi niongeze kitu juu. Anti, mke wako, amekubali. Fundi amekubali mbio, hata amefurahi, mpaka nikakasirika. Kila mtu amekubali isipokuwa wewe, na wewe ndiye siwezi kukuuliza. Sio spea wala skrini inanisumbua. Kinachonisumbua ni kama niko na haki ya kumuuza Punda, ukiangalia vile alifika mikononi mwangu. Hapo tutafika. Kwanza nikupe habari ya hizo pikipiki mbili, kwa sababu najua ungeuliza.

Punda bado ni Punda. Yale masanduku mawili ya bati uliyomfunga pembeni bado yapo, la kulia limebonyea pale alipoangukia mawe ya Rombo. Unakumbuka wale wamama wa Bissil waliokuwa na punda wao wa mitungi ya maji, vile walisimama wakakuangalia ukishuka, mmoja akaangalia punda wake, akaangalia pikipiki yako, akakuuliza maji unauza ngapi? Wageni watatu uliokuwa unawaongoza, wazungu wazima na koti za ngozi, walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwa vumbi. Kutoka siku hiyo jina likashika. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshikilia hema kwa mapaja, nikijifanya mimi ndiye msimamizi wa safari. Uliniacha nijifanye. Jioni ukaniambia wageni wameuliza kama mimi ni bosi wako, na ukawaambia ndiyo. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli.

Asubuhi ya baridi bado anasumbua. Unavuta choki, unapiga kiki, anakataa, unampumzisha, unamwambia maneno matamu, unapiga tena. Majirani wa ploti wanaamka wote. Baba wa mlango wa tatu huweka saa yake kwa hiyo. Akishika moto, Mjomba, ile sauti yake nzito ya kifua inatingisha mabati, na kwa dakika moja nasahau kwamba uko Entarara, nafikiri uko hapo nje unaningojea.

Lakini amekwisha. Lazima nikuambie ukweli. Shafti inalia, gia ya tatu inaruka, moshi ni ule wa bluu. Spea hakuna, fundi amenitengenezea bushi kwa chuma cha jembe, ikakaa wiki mbili. Mwezi wa nne nilipata wageni wanne wa kupeleka Loitokitok kwa njia ya Namanga. Wao wote wako na pikipiki mpya, mimi mbele na Punda. Tulipofika Mailua akachemka, akasimama. Wageni wakaningojea nusu saa, kwa heshima, wakininunulia hata soda. Halafu yule mkubwa wao akanionyesha simu yake, njia yote imechorwa humo mpaka Loitokitok, na akaniambia wasingependa kunisumbua zaidi. Wakaenda. Mwongozaji akabaki, walioongozwa wakaenda. Nilicheka nao wakiondoka. Nilipunga mkono. Tangu hapo simu ya wageni haijalia.

Sasa hii mpya. Kijana wa duka anaitwa Lemayian, anavaa tai lakini viatu ni vile vya tairi, na anajua kuongea kuliko mimi, fikiria. Amenipa nijaribu mpaka Kajiado na kurudi. Unabonyeza kidude, inawaka. Haikohoi, haiombi msamaha. Siti imenipokea kama kochi la mhubiri. Kuna kioo cha upepo kinapanda na kushuka, breki zinafikiria zenyewe, na mbele kuna skrini inakuonyesha joto la injini, upepo wa tairi, njia, na saa. Mashimo ya pale baada ya Isinya, yale yalikuwa yakiturusha mpaka meno yagongane, sikuyasikia. Nilirudi nyuma kuangalia kama wameyaziba. Hawajaziba.

Nilifika Kajiado nikashuka, nikanunua mahindi, na sikuwa na hadithi yoyote ya kumwambia yule mama. Hakuna kitu kilikuwa kimetokea njiani. Ilikuwa kama kuendesha simu. Akaniuliza mbona nimenyamaza hivyo, kama niko mgonjwa.

Niliporudisha ufunguo Lemayian alikuwa ameshikilia karatasi na kalamu tayari. Nikamtania, nikamwuliza koki ya mafuta, ile ya kugeuza kwa mkono, iko wapi, mbona naangalia chini ya tanki sioni kitu. Akacheka.

"Koki ni ya wazee, bosi. Hii inakuambia yenyewe umebakisha kilomita ngapi. Hata ukitaka kusahau haikubali."

Nikarudisha kalamu yake mezani. Nikasema nitarudi Jumamosi. Alidhani ni bei.

Wewe unajua kwa nini, ama unajua nusu. Punda hana geji ya mafuta, na ile ya kilomita ilikufa kabla sijazaliwa. Ulikuwa na mtindo wako mmoja tu, na ulinifundisha kabla hata hujanifundisha klachi. Koki inakaa pale pa kawaida. Huongezi mafuta mpaka Punda akohoe. Akikohoa, unashusha mkono wa kushoto, unageuza koki iende rizavu, na hapo unajua tumbo limebaki na kidogo cha kukufikisha pampu. Ukishajaza, unairudisha pale pa kawaida, la sivyo atakunywa mpaka tone la mwisho bila kukohoa. Kila mara ulisema kwa sauti, hata ukiwa peke yako, "Nimerudisha." Wahudumu wa petroli wa Kajiado walikuwa wakikujibu, "Umerudisha, mzee." Na kwa sababu koki yenyewe ilikuwa nzito hukuifunga ukilala, uliiacha hivyo hivyo wazi, ukiamka unapanda unaenda.

Ile Jumatatu walipiga simu kutoka Entarara asubuhi kwamba Susu amezidiwa, anakuita wewe kwa jina. Ulitoka hata chai hukumaliza. Ulipitia Emali kwa sababu ni lami. Pale Emali pampu ziko nyingi, ukazipita zote, kwa sababu Punda alikuwa hajakohoa. Halafu katikati ya Emali na Kimana, pale hakuna hata kiosk, akazima. Hakukohoa hata mara moja, alizima tu. Ukashusha mkono ugeuze koki, ukaikuta tayari iko rizavu. Tumbo lilikuwa kavu kabisa.

Ulimsukuma kwa jua, yule mzito wote na masanduku yake. Lori za nyanya zilikuwa zinatoka Kimana, zinakuja kwa upande mwingine. Mpaka mchungaji mmoja wa ng'ombe akatuma mtu kwa boma iliyo na jenereta, wakakuletea petroli kwa chupa ya soda, saa tatu zilikuwa zimeenda. Ulifika Entarara saa kumi. Susu alikuwa ametutoka saa nane. Majirani walikuambia, wakidhani wanakufariji, kwamba alikuwa akiuliza kila mara kama hiyo sauti ni Punda, na wao wakimwambia bado kidogo.

Mimi nilikuja kesho yake na Anti. Nilikukuta nyuma ya jikoni, umekaa juu ya jiwe la kufulia.

"Nilisahau koki," ukaniambia. "Miaka yote hiyo sijawahi. Mara ya mwisho nilijaza, nikasema nimerudisha, na sikurudisha."

"Pole, Anko," nikasema.

Hivyo tu. Maneno mawili, mimi ambaye sina uhaba wa maneno.

Baada ya hapo ulibadilika na sote tuliona. Ulikuwa unafunga mlango, unarudi kuangalia kama umefunga. Ulimwuliza Anti kama umekunywa dawa ukiwa umeshikilia glasi tupu. Wale wageni wa Agosti ukawapigia simu ukawaambia watafute mtu mwingine, kwamba huwezi kupeleka watoto wa watu porini na kichwa kama hiki. Halafu siku moja mchana ukaniita nje, ukanipa ufunguo. Ulisema wewe sasa ni mtu wa kubebwa, si mtu wa kuendesha. Ulisema mimi niko na macho makali, kichwa changu bado kinashika. Niliuchukua. Nilizunguka ploti mara nne nikipiga honi. Nilipiga picha nikatumia kila mtu. Wewe ulikaa kwa ngazi, ukaniangalia mpaka nikamaliza, na hukupanda pikipiki tena mpaka presha ilipokuchukua.

Nimejaribu kusema. Usidhani sijajaribu. Wiki iliyopita nilimkuta Anti akichagua mchele, nikaanza na kuzunguka, nikasema ile siku ya Susu labda sio vile tulidhani. Hakunyanyua macho. Akasema yeye alishamshukuru Mungu kwa hilo, kwamba ile koki ilikuwa dalili. Alisema ulikuwa umeanza kupotea, na Mungu alikuwa na huruma kukuchukua mapema, kabla hujasahau hata jina la mke wako. Ndivyo anavyopata usingizi usiku, Mjomba. Nikamshikia sinia. Nikamsaidia kutoa mawe.

Kwa hivyo Jumamosi nitaenda nisaini. Watu watasema nimechagua skrini na siti laini, na nitawaacha waseme hivyo, nitajisifu hata mara mbili, unanijua. Wenye duka watamuuza Punda kama chuma, au atakaa kwa dirisha lao watu wakipiga naye picha. Mimi nimeshindwa tu kupanda kila asubuhi goti langu la kushoto likigusa ile koki. Sidhani mpya itanisaidia. Nilijaribu mpaka Kajiado na kurudi, nikaona iko na kila kitu, lakini bado nilikuwa nashusha mkono wa kushoto kutafuta kitu hakipo.

Nimeandika karatasi tatu nikizunguka. Nitasema sasa, hata kama hakuna mahali hii barua itafika.

Jumapili, siku moja kabla ya ile simu, wewe na Anti mlikuwa harambee ya kanisa mpaka jioni. Nilichukua ufunguo kwa koti lako. Nilienda na Punda mpaka Kajiado bila ruhusa, kwa sababu kulikuwa na msichana wa pale soko nilikuwa nimemwambia pikipiki ni yangu. Wakati wa kurudi, karibu na Isinya, alikohoa. Nikageuza koki kwenda rizavu kama ulivyonifundisha, na nikaongeza petroli kidogo, kiasi cha kurudisha tanki vile ulivyoliacha. Halafu nyumbani nikawa mjanja. Nikaosha matope. Nikarudisha vioo vile ulikuwa umevipanga. Nikachota hata vumbi nikampulizia juu ya tanki ili aonekane hajaguswa. Nilikumbuka kila kitu, Mjomba, nikajipongeza nikaenda kulala.

Ulirudisha koki. Ulisema umerudisha, na ulikuwa umerudisha. Kichwa chako hakikuwa na shida yoyote. Ni mimi niliiacha rizavu, na nilijua hivyo tangu uliponiambia pale juu ya jiwe.

Mpwa wako,
yule uliyempa ufunguo